Vazi la Kivita la Anga za Juu: Anzia kwa Fundi Cherehani

Wazee mliopo, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza nyumbani vazi la kivita kama yale ya askari wa filamu za anga za juu. Vazi la kuvaa mwilini na kutembea nalo, si la kutundika ukutani. Naona madaftari yako wazi, mnasubiri niwatajie plastiki gani, gundi gani, printa gani. Tutafika huko. Ila mniruhusu nianze na ubishi wangu: hii ni kazi ya fundi cherehani kabla haijawa ya fundi mwingine yeyote.

Chukueni mfano unaojulikana kuliko yote, wale askari weupe wa Star Wars, filamu iliyotoka Mei 1977. Mavazi yake yaliongozwa na John Mollo, Mwingereza aliyekuwa mjuzi wa historia ya sare za jeshi, na yakampatia Oscar. Ukiwaona kwenye skrini unadhani wamevaa kitu kizito. Ni plastiki nyembamba. Karatasi ya plastiki inapashwa moto mpaka inalegea, inatandazwa juu ya kalibu, kisha hewa inafyonzwa kwa chini na plastiki inaibusu kalibu ilivyo. Basi. Nguvu unayoiona pale ni umbo na rangi.

Sasa mtazameni askari huyo akikunja mkono. Kiwiko hakina bamba, kina kitambaa cheusi. Ndani ya yale mabamba yote kuna nguo nyeusi ya kubana mwili, na mabamba yananing'inia juu yake kwa mikanda na lastiki. Penye kiungo, mbunifu ameacha nafasi, na weusi wa nguo unaifanya nafasi ile ionekane ni sehemu ya mpango. Mwanzoni wengi hufanya kinyume: wanataka kufunika kila inchi ya mwili, halafu wanashangaa hawawezi kupanda ngazi.

Na hata wale wa filamu hawakuwa na raha. Kuna tukio maarufu ambapo askari mmoja anaingia mlangoni na kujigonga kichwa kwenye fremu, likabaki kwenye filamu hivyo hivyo. Kuona ndani ya helmeti ile ni shida. Mkumbuke hilo mtakapotoboa macho ya helmeti zenu.

Kisa kingine cha helmeti hiyo nakipenda mno. Andrew Ainsworth, aliyezitengeneza kwenye karakana yake Twickenham, alianza baadaye kuuza nakala, na Lucasfilm, kampuni ya filamu hiyo, wakampeleka mahakamani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2011 majaji wakaamua kwamba kwa sheria ya kule helmeti ile si sanamu, ni kifaa cha kutumika katika kutengeneza filamu, kwa hiyo hailindwi na hakimiliki kama kazi ya uchongaji. Marekani mambo ni tofauti. Mashabiki wa kule, wale wa 501st Legion iliyoanza South Carolina mwaka 1997, hujishonea na kujigongea wenyewe na hawajitafutii fedha kwa kujitokeza ndani ya vazi. Wakialikwa, fedha huenda kwenye hisani. Wewe ukijitengenezea la kuvaa mwenyewe, sawa. Ukianza kuuza sura ya mhusika wa mtu, tafuta mwanasheria kwanza.

Turudi mezani. Mabamba yetu tutayakata kwenye sponji badala ya plastiki, ila hatua ya kwanza haigusi sponji kabisa. Vaa fulana ya zamani na suruali ya kubana, simama wima, pumua kawaida, umwite mtu akuzungushie nailoni ile ya kufungia chakula kuanzia shingoni hadi nyongani. Asikaze. Juu ya nailoni apige tepu ya karatasi, tabaka mbili, mpaka uwe na gamba. Kisha achore kwa kalamu ya wino mzito: mstari wa katikati ya kifua, wa kiuno, wa kwapa, na mipaka ya kila bamba unalolitaka. Sasa inua mikono. Kaa. Chuchumaa. Palipojikunja tepu, pawekwe alama nyekundu, maana hapo hapatakuwa na bamba. Ndipo akate kwa mkasi mgongoni akutoe. Vipande hivyo ukivilaza chini una patani ya mwili wako wewe. Tumia patani ya upande mmoja tu, wa pili uupate kwa kuigeuza, la sivyo bega la kushoto na la kulia hayatalingana.

Halafu kuna hesabu ndogo inayowaumbua watu. Sponji ya unene wa milimita 10 ikizungushwa duara kamili, mzingo wa nje unazidi wa ndani kwa zaidi ya sentimita 6. Iwe imezunguka mkono, iwe imezunguka kifua, tofauti ni ile ile. Patani yako inapima ngozi, kwa hiyo ukiikata sponji kwa kipimo hicho hicho haitafunga. Mtu analaumu gundi, kumbe ni unene.

Sponji yenyewe ni EVA. Msiifuate mbali: ndiyo ile mikeka ya rangi ya kuunganisha ambayo watoto hutambalia, na ndugu yake yuko kwenye soli za malapa. Mafundi viatu wanaijua kuliko mimi, na gundi yao ndiyo gundi yetu. Kwa mabamba makubwa tumia milimita 10 au 6, kwa urembo wa juu milimita 2.

Nishike kipande hiki cha bega niwaonyeshe. Kilikuwa bapa. Nimekata kabari mbili, kama fundi anavyoibana blauzi ikumbatie kifua, nikaunganisha kingo, kikainuka kuwa kuba. Kisu ni kile cha wembe unaokatika vipande, na kiwe kikali kweli. Kikianza kutafuna badala ya kukata, vunja ncha upate makali mapya. Kingo ziwe wima, mkono usilale. Gundi inapakwa pande zote mbili, nyembamba, halafu unasubiri. Watu hawasubiri! Dakika 5 hadi 10, mpaka ukigusa kwa kidole hainati. Ndipo ukutanishe, kuanzia ncha ya kabari kuelekea nje, sentimita kwa sentimita, kwa sababu ikishika imeshika. Gundi hii ina kemikali za kulevya na hushika moto haraka. Fanyia kazi nje, mbali na jiko, na ifichwe watoto wasiifikie.

Kisha hewa moto. Pitisha mashine juu ya uso wa sponji bila kusimama sehemu moja. Uso utabadilika kidogo, utang'aa, vitundu vimejifunga. Ukitaka mistari ya mabamba, chora kwa kisu nusu ya unene, ukipuliza moto mstari unafunguka wenyewe. Baada ya hapo gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, tabaka kadhaa, kila moja ikauke, ndipo rangi. Chuma halisi huchubuka kwenye kingo, basi rangi ya fedha iguse kingo tu, kwa brashi kavu. Ukiipaka kote unakuwa sufuria jipya.

Joto sasa, na hapa sitanii. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na ndani ya sponji halikauki. Weka feni ndogo ya volti 5 ndani ya helmeti, inaendeshwa na pawabenki. Acha matundu kidevuni na kisogoni. Uwe na mtu wa kufuatana nawe, mwenye maji, anayejua klipu zote zinafunguliwaje. Tumieni klipu za mabegi ya shule na velkro, ili vazi litoke kwa haraka mtu akizidiwa. Na fikirieni choo kabla ya kuvaa.

Jambo la sheria. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo. Mwaka 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Kenya nako hawana mzaha. Kwa hiyo madoa ya jeshi msiyapake hata kama mhusika wenu anayo, na bunduki ya sponji ipakeni rangi ya pipi, isibebwe nje mtaani.

Nimeletewa karatasi hapa: "Dada, printa ya 3D si inamaliza yote hayo?" Kwa helmeti, ndiyo, mashine hiyo inayojenga umbo la plastiki tabaka juu ya tabaka inasaidia sana. Taji la Malkia Ramonda kwenye Black Panther ya 2018, filamu iliyompa Ruth E. Carter Oscar ya mavazi, lilichapishwa kwa printa. Lakini taji halichuchumai. Na plastiki ya PLA, inayotumiwa na wengi, huanza kulegea karibu nyuzi 60. Iacheni ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, mje mniambie.

Haya, sogezeni meza. Sponji ipo, visu vipo. Nahitaji kaka mmoja wa kufungwa nailoni, na mwenye kitambi asijifiche nyuma, maana yeye ndiye mwenye patani ngumu.