Saa Nane Baina ya Kidonge na Kidonge

Mhadhara kwa wakazi wa Ngamiani, Tanga, kabla ya mwezi wa Ramadhani

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Nalazimika kurudia jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu hata mkalichoka: cheti cha dawa kikiandikwa 1x3, haitoshi vidonge vitatu viishe kabla ya siku kwisha, kinamezwa kimoja kila baada ya saa nane. Yaani saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Hata hivyo, kila Ramadhani hunijia wagonjwa waliomeza viwili kwenye futari na kimoja kwenye daku, kisha wakashinda takriban saa kumi na tatu bila dawa, nao ndio wa kwanza kulalamika kwamba dawa za siku hizi hazina nguvu.

Tuchukue amoksilini, mojawapo ya antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Figo huiondoa mwilini upesi, hata kila baada ya saa moja hivi kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu. Mtu ataniambia: "Basi nikimeza viwili pamoja, si vitadumu mara mbili?" La, havidumu! Umejiongezea kama saa moja tu, kwa sababu saa hiyo ikipita umebaki na kiasi kile kile alichoanza nacho aliyemeza kimoja. Baada ya hapo bakteria huzaliana kwa raha zao, wakitangulia wale walioistahimili dawa. Ngalawa inayovuja hufuliwa maji safari nzima, na sijapata kumwona mvuvi wa Sahare anayeyalimbikiza ili ayafue yote kwa mkupuo mmoja.

Najua yupo anayetaka kuniuliza kama ninawaamuru watu kula mchana. Mimi ni mfamasia, si shehe, na ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, mnaijua kuliko mimi. Ninachodai ni chepesi zaidi: mwambie daktari kwamba unafunga kabla hajaandika cheti. Yapo maradhi yanayotibika kwa dawa ya mara moja kwa siku, kama azithromaisini, au mara mbili, kama doksisaiklini, na kuichagua ni kazi yake, si yako wala ya jirani aliyebakiza vidonge kabatini.

Mengine nitayapitia haraka, maana muda nimeshaula. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiviui. Siprofloksasini, antibayotiki nyingine, isimezwe pamoja na maziwa wala dawa ya kiungulia, kwa kuwa madini yaliyomo huinasa tumboni isiingie katika damu. Kufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake kidondani kukomeshwe. Ukijisikia umepona kabla ya dozi kwisha, muulize aliyekuandikia. Na ukimeza dawa ukaona vipele, midomo inavimba au pumzi inabana, iache na uende hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukiwa na paketi yake mkononi.