Barafu kwa Mizani Nane

(Mhadhara kwa walimu na wazazi, Lamu)

Asalaam aleikum walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi watoto mliokaa mkekani hapo mbele.

Nimeombwa nieleze vipi mtoto wa Lamu atatunga shairi juu ya bahari za barafu asizozijua. Mimi nasema aiulize barafu yale yale ambayo baba yake huiuliza bahari: ina chumvi? Chini yake kuna nini? Samaki wake wanakula nini? Mashairi mengi ninayoletewa hukimbilia "tuhifadhi mazingira" kabla hata mnyama mmoja hajatokeza kichwa. Yale ni mabango.

La chumvi tulilijibu kwa vikombe viwili, kimoja cha maji ya mvua, kimoja cha maji ya bahari, tukaviweka kwenye friza ya muuza samaki. Ya mvua yakatangulia kuganda. Ya bahari yakachelewa, kwani huanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri. Tukayatoa yakiwa nusu barafu, nusu maji. Kijana mmoja akairamba barafu, akaonja na maji yaliyobaki, akatema: "Mwalimu, chumvi yote imehamia huku!" Na ndivyo ilivyo Antaktiki, kule kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Bahari ikiganda huitupa nje sehemu kubwa ya chumvi yake. Maji yaliyobaki huwa mazito, huzama hadi chini kabisa, kisha hutambaa kwenye sakafu ya bahari kuja kaskazini, hata kuingia Bahari Hindi hii yetu.

Siku ya pengwini darasa lilicheka sana. Hapa kwetu baba ndiye aendaye baharini, mama akangoja. Kwa wale pengwini wakubwa kuliko wote, mama hutaga yai moja, akamwachia mumewe, akaenda zake kuvua. Baba huliweka juu ya miguu, akalifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, siku 65 hivi, katikati ya kipupwe chenye giza. Ukihesabu tangu alipofika pale penye kundi, hukaa karibu miezi minne bila kula, wamebanana madume kwa mamia wapate joto. Msichana mmoja, binti wa mvuvi, akaandika:

Baba yai miguuni,
Kalifunika tumboni,
Hana chakula kinywani,
Mama bado hajarudi.

Hesabuni mizani, nane kila mshororo. Hakuna neno la kumhurumia baba huyo, na bado mnamhurumia.

Kuna jambo moja sisamehi: dubu mweupe na pengwini katika ubeti mmoja. Dubu yuko kaskazini, pengwini kusini. Hawajapata kuonana, na kina kizuri hakiwakutanishi.

Nyangumi wa nundu ni wetu sote. Wakati wa kusi hupanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na wavuvi wa Watamu na Malindi huwaona wakirusha maji. Mama hanyonyeshi kwa chakula cha hapa. Mafuta aliyonayo mwilini ameyapata huko kwenye baridi, kwa kula uduvi. Na uduvi wale, wakiwa wachanga, hupitisha kipupwe wakila mimea midogo mno iotayo upande wa chini wa barafu. Kwa hiyo mtoto akitunga juu ya nyangumi wa Watamu, barafu imo, hata asipoitaja.

Nimalizie na samaki wa Antaktiki ambaye damu yake haina rangi. Binti yule yule:

Damu yake kama mai,
Si nyekundu, haifai?
Barafuni hashangai,
Apataje kupumua?

"Hashangai" imeingia kutafuta kina, mnaiona. Nimeiacha, kwa sababu mshororo wa nne ni swali la kweli. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, na samaki huyo ana moyo mkubwa unaosukuma damu nyingi, basi oksijeni husafiri imeyeyuka humo humo kwenye damu. Nilimweleza hivyo, nikamwambia ubeti wa pili ujibu. Oksijeni ina mizani minne, na kina cha "ni" hakijamshinda mtu Lamu hii. Haya mwanangu, simama utusomee.