Nani Ataingia Kuosha?

Mhadhara kwa kina mama, Langoni, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wasichana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, hebu sogeeni mbele. Leo maneno yangu ni yenu kuliko ya wakubwa wenu.

Nimeitwa nimkumbuke bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi humu mmefunzwa naye alifu na be, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza alikuwa nani. Chuo chake cha Kurani cha baada ya Alfajiri mwakijua. Sinia zilizokuwa zikitoka jikoni kwake Ramadhani kabla ya Magharibi zimeingia majumbani mwenu. Watoto aliowalea na hakuwazaa wengine wamekaa hapa mbele yangu. Waliotangulia wameyasema hayo, tena wameyasema vizuri. Mimi nina jambo moja tu. Nimelisema Shela, nimelisema Matondoni, nimelisema Faza, na nitaendelea kulisema mpaka nione mabadiliko: bibi alikuwa mwoshaji wa maiti wa kike katika mtaa huu, na tangu aondoke, nafasi yake haijapata mtu.

Mara ya kwanza aliponichukua nilikuwa msichana wa shule ya upili. Tuliletewa habari baada ya Isha kwamba kuna mwanamke amefariki Shela, na jamaa zake hawakuwa na mtu wa kumwosha. Usiku ule maji yalikuwa yametoka, tukapita ufukweni kwa miguu, yeye mbele na bahasha ya pamba na karafuu maiti kwapani, mimi nyuma na majani ya mkunazi yaliyokwisha kutwangwa. Njia nzima alikuwa akileta uradi, hakunisemesha. Tulipofika mlangoni miguu ikanigoma. Akanishika mkono akaniambia, "Ndoo, usiche," yaani njoo, usiogope. "Huyu ni mamako."

Nikaingia. Sikilizeni nilichokiona, kwa sababu ndicho ninachotaka mukifanye. Alimfunika kwanza kuanzia kifuani mpaka chini ya magoti, na nguo ile haikuondoka mpaka mwisho. Alijifunga kitambaa mkononi. Akamwinua kidogo, akampapasa tumbo polepole, akamsafisha, akabadilisha kitambaa. Akamtawadhisha kama mtu atawadhavyo kwa ajili ya sala. Kisha maji ya mkunazi, kichwa kwanza, halafu upande wa kulia, halafu wa kushoto, na mara ya mwisho maji yenye karafuu maiti. Kila alipotaka kumgeuza alimwambia kwanza: "Mamangu, nakugeuza sasa. Mamangu, maji haya." Alimsemesha hivyo mpaka kazi ikaisha. Nywele akazisuka mikia mitatu, akaiweka nyuma, vile alivyofanya sahaba wa kike Ummu Atiyya na wenzake walipomwosha binti wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Baadaye zikaja nguo tano za sanda, zimefukizwa udi: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na shuka mbili za kumfunika mwili mzima.

Mwanamke yule alikuwa na alama mwilini. Tukiwa njiani kurudi, mimi kwa utoto wangu nikamuuliza bibi ile alama ilikuwa ya nini. Akasimama pale pale mchangani. Akaniuliza, "Umeona nini?" Nikaanza kueleza. Akaniuliza tena, "Umeona nini?" Nikanyamaza. Mara ya tatu nikaelewa, nikamjibu, "Sikuona kitu, bibi." Ndipo akatia mguu mbele tukaendelea. Maji yalikuwa yanaanza kujaa, na yeye alikuwa hajali kuloa, mradi tusifike Lamu kabla sijajibu lile swali linavyotakiwa.

Sasa najua mtaniambia nini, maana kila nilikokwenda nimeambiwa. Mwaniambia: mimi naogopa. Na mimi niliogopa. Bibi mwenyewe aliniambia kwamba mara yake ya kwanza alilia. Mwaniambia: mara nyingine mtu huwa ana hedhi. Katika madhehebu yetu ya Shafi mwenye hedhi anaruhusiwa kumwosha maiti, kawaulizeni masheikh wenu leo hii, wala musingoje kesho. Mwaniambia: maradhi. Vaeni glavu, vaeni barakoa, zote zauzwa madukani mjini. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, tuliwaona watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga wakizika wapendwa wa watu huku jamaa wamesimama mbali, na nchi nzima ya Kenya ililia. Tulililia haki ya kuwagusa maiti wetu. Haki hiyo imerudi, na mikono hamuitoi?

Mwingine husema, yeye ana mume, mume atamwosha. Ndiyo, sheria yamruhusu, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali alimwosha Bibi Fatuma, radhiya Llahu anhuma. Lakini mwajua pia ni nani aliyekuwa pamoja naye? Asma binti Umays. Mwanamke. Na Asma huyo huyo ndiye aliyemwosha mumewe, Sayyidna Abubakar. Wanawake wale hawakungoja kutafutiwa mtu.

Na hizi nyumba zetu. Wageni huja kuzipiga picha, wakahesabu zidaka, wakasifu milango. Mwaka wa 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na sisi tukafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini mzee aliyeijenga nyumba ya mawe hakuijenga kwa ajili ya picha. Ukipita daka na tekani za mlangoni, ukavuka kiwanda, yaani ua wa ndani, ukaingia misana miwili, vile vyumba virefu, mpaka ndani, nyuma kabisa kulikuwa na nyumba ya kati. Humo walizaliwa watoto na humo waliandaliwa maiti. Mjenzi alijua kwamba nyumba haiwi nyumba mpaka iwe na mahali pa kumpokea mtu na mahali pa kumuaga. Leo chumba kile ni bafu la wageni au stoo ya magodoro. Kuta tumezihifadhi kwa chokaa na boriti, na kile kilichofanywa ndani ya kuta tunakiacha kipotee. Hilo laniuma, siwafichi.

Niwaambie siku aliyokufa bibi. Nyumba ilijaa mpaka ukumbini hamna pa kutia mguu. Yasini ilisomwa tangu asubuhi. Wanawake aliowaoshea mama zao na dada zao, wote walikuja, wote walilia kwa dhati. Maji yakachemshwa, mkunazi ukatwangwa. Mimi na mama mmoja mzee tukaingia. Kuosha kwataka watu wa kusaidiana: wa kumwinua, wa kumimina maji, wa kushika nguo isifunuke. Nikatoka mlangoni nikauliza, "Nani ataingia?" Kila niliyemtazama alitazama jamvi. Nikauliza tena. Mwishowe jeneza likangojeshwa mpaka mwanamke mmoja mtu mzima alipokuja kutoka Matondoni, juu ya punda, jua kali, ndipo bibi yangu akapata mikono ya kutosha. Alikuwa ameosha mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa umekaa pale.

Simlaumu mtu, kwa sababu hakuna aliyewafunza. Bibi alifunza Kurani kwa watoto wa kila nyumba, lakini kazi hii tulimwachia peke yake, tukamshukuru, tukarudi majumbani. Hii ni fardhi kifaya. Ikifanywa na wachache, wote tumesalimika. Ikiachwa, dhambi yatuenea sote.

Nilitaka pia kusema juu ya khitma, kisomo cha kumwombea maiti, na familia kukopa ng'ombe na mchele kwa ajili ya kulisha watu waliokuja kutoa pole. Jirani ndiye apikie wafiwa, hayo ni mafundisho ya Mtume alipopata habari ya kufa binamu yake Jaafar. Basi, hilo nitalileta siku nyingine, saa imekwenda. Na habari ya sanda: tuweke akiba ya sanda kamili hapa madrasani, isiwe mtu amefariki usiku na duka limefungwa.

Mafunzo yataanza Jumamosi baada ya Alasiri, humu humu ndani. Kila mmoja aje na kanga mbili na kitambaa cha mkono. Wawili wa kwanza watajifunza kwa mwenzao aliyelala chini na nguo zake zote, musiwe na wasiwasi. Wenye watoto wachanga waje nao, kuna wa kuwashika. Daftari hili hapa, litapita safu kwa safu, na linaanzia nyuma, karibu na mlango.