Ekari Iliyo Mlangoni pa Stesheni

Wazee wetu, akina mama, vijana, waheshimiwa wawakilishi wadi, na nyinyi wapangaji miji mliotoka Kiambu, Machakos na Kajiado, hamjambo. Mmekuja kusikia habari za maegesho ya magari kwenye stesheni zetu za treni za abiria. Naomba tuanze na ekari moja ya ardhi: ile iliyogusana na geti la stesheni.

Ekari ni mita za mraba 4,047. Gari dogo huegeshwa kwenye nafasi ya mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Wengi wakishafika hapo hugawanya, wakapata magari zaidi ya 300, na hesabu hiyo ndiyo huandikwa kwenye pendekezo. Lakini gari haliruki likatua mahali pake. Linahitaji njia ya mita 6 ya kupita na kugeuzia, na uwanja unahitaji geti, mtaro, njia ya miguu na miti ya kivuli. Ukijumlisha yote, kila gari linakula kati ya mita za mraba 27 na 31. Ekari yetu itabeba magari 130, na ukibana sana 150.

Sasa chukua robo tu ya ekari hiyo, mita za mraba elfu moja hivi. Zinatosha matatu nne za abiria 33 kushusha na kupakia, pamoja na njia ya kuingilia na ya kutokea. Kila nafasi ikiondokewa na matatu moja kila dakika kumi, hao ni abiria 198 kwa saa, na kwa nafasi zote nne ni karibu 800. Kinacholeta tofauti hii ni muda. Gari la mtu binafsi likiingia saa kumi na mbili asubuhi, hulala pale mpaka saa moja jioni. Nafasi ile imemhudumia mtu mmoja, au wawili wakipeana lifti, kwa saa kumi na tatu. Nafasi hiyo hiyo ingebeba baiskeli kumi, au boda boda tano zinazokuja na kuondoka mchana kutwa.

Ndiyo maana nasema ardhi iliyo karibu na jukwaa igawanywe kwa kuangalia inaleta watu wangapi kwa saa. Wanaokuja kwa miguu wapewe mlango. Matatu na boda boda ziwafuate. Gari la kibinafsi likae nyuma kabisa ya uwanja, mwendo wa dakika tano. Asiyeweza kutembea mbali awekewe nafasi zake karibu na mlango, penye mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu, ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa na watu wawili.

Sisemi maegesho yafutwe. Stesheni ya Syokimau ilipofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, kuacha gari na kupanda treni kulikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, na kulikuwa na sababu. Yuko mtu anayeishi ndani huko, kwenye mashamba yaliyokatwa ploti za futi 50 kwa 100, ambako matatu ya kwanza hufika jua likishachomoza. Bila pa kuacha gari, huyo ataliendesha mpaka katikati ya jiji, na hiyo ni hasara yetu sote kwenye foleni. Maegesho yanamfaa yeye. Anayeishi mita 600 kutoka stesheni hahitaji maegesho, anahitaji njia isiyo na matope na yenye taa. Tukimwekea njia mbaya naye atakuja na gari, achukue nafasi ya yule wa mbali.

Kuna jambo linalosahaulika sana hapa: maegesho hayaongezi treni. Reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita moja, kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili zikikutana, moja husubiri kwenye stesheni yenye njia ya kupishana. Treni zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, zile zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika Uhispania na kuanza kazi hapa 2020, ziliboresha safari, lakini hazikuongeza njia ya pili. Kwa hiyo kabla ya kumwaga kokoto hata lori moja, uliza: treni za asubuhi kutoka hapa ni ngapi, na zikifika hapa zinabaki na nafasi kiasi gani? Treni ikifika Githurai imejaa tangu Ruiru, maegesho ya magari 300 pale Githurai ni uwanja wa watu waliokasirika.

Na kwa kuwa treni ni chache, watu hufika kwa wimbi na kuondoka kwa wimbi. Hapo ndipo maegesho mengi hushindwa, na hushindwa jioni, getini. Hebu tupige hesabu pamoja. Treni imeshusha watu, magari 300 yanataka kutoka, geti ni moja, na mhudumu anapokea pesa. Kila gari likichukua sekunde 12, ambazo ni chache sana kwa mtu anayetafuta chenji, gari la mwisho linatoka baada ya saa nzima. Mtu ametoka mjini kwa treni bila foleni, kisha anakaa foleni saa moja ndani ya maegesho. Wiki ijayo hatarudi. Dawa yake si ghali: malipo yafanywe mchana kwa simu kwa kutumia namba ya gari, na jioni geti liachwe wazi, huku mkaguzi akizunguka mchana kutazama nani hajalipa. Njia za kutoka ziwe mbili, na zisiangukie barabara ile ile ambayo matatu zinapakia.

Sasa tushuke chini, kwenye udongo wenyewe. Upande wa Syokimau, Embakasi na tambarare za Athi River kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Mkandarasi mwenye haraka hukwangua nyasi, humwaga muram, hupanga kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, na kupiga picha za uzinduzi. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikipita, kabro zimeinuka mawimbi na maji yametuama kwenye mabonde. Tiba ni kuchimba udongo mweusi na kuuondoa mpaka ufikie ardhi ngumu, kisha kujaza hadkoo, yaani mawe yaliyovunjwa, na muram kwa matabaka ya milimita 150, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata. Juu yake mchanga wa milimita 30 hadi 50, kisha kabro. Na hapa tusidanganyane: kabro ya milimita 60 ni ya kukanyagwa na miguu. Panapopita magari pawekwe ya milimita 80, na pembeni pafungwe kwa ukingo wa zege, maana kabro isiyozuiwa pembeni huachana polepole mpaka mchanga wake unasombwa.

Na maji je? Ekari iliyofunikwa hainywi maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake huleta lita 200,000, na lazima ziende mahali. Uwanja ukiinamia reli, maji yatabeba matope mpaka kwenye kokoto za reli. Kokoto zile zipo ili maji yapite na mataruma yakae imara. Zikijaa matope hushika maji, mataruma hucheza kila treni inapopita, reli hupinda kidogo kidogo, na treni hulazimika kupunguza mwendo. Kosa la mtu wa maegesho linakuwa dakika zinazopotea kwa kila abiria wa njia nzima. Uwanja uinamishwe upande wa pili, angalau sentimita 2 kwa kila mita, maji yaingie mtaroni yakipitia kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta, kwa sababu magari huvuja.

Kabla ya kununua ardhi ya kuegesha, tazameni makanisa. Kanisa lina uwanja, lina ukuta, lina mlinzi, na Jumatatu hadi Ijumaa uwanja huo ni mtupu. Jumapili, wakati waumini wanauhitaji, wafanyakazi wa ofisini wako nyumbani. Kwa kawaida mahitaji haya mawili hayagongani. Nusu ekari ya kanisa iliyo mita 400 kutoka stesheni ni magari 65 bila kumwaga zege, na kodi yake inalisaidia kanisa. Kinachotakiwa ni mkataba unaosema saa za kufungua, nani anawajibika gari likivunjwa kioo, na itakuwaje siku ya mazishi au harusi katikati ya wiki. Hilo la mwisho lisiachwe wazi, ndilo litakalovunja mapatano.

Turudi kwenye ekari yetu, tuone ingekuwa nini kama isingekuwa maegesho. Jenga nusu yake, mita za mraba 2,000, kwa ghorofa tano. Hiyo ni mita za mraba 10,000. Toa sehemu moja ya tano kwa ngazi na korido, zinabaki 8,000. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala ya mita za mraba 50 zinapatikana 160, na ukitaka chini pawe maduka, utabaki na 128. Wakazi wake hupanda treni kwa kutembea dakika mbili, hununua mboga hapo hapo, na Jumapili eneo bado lina watu na taa. Nusu ya ekari inayobaki ni uwanja na njia. Sasa linganisha na magari 130 yaliyolala.

Wenzetu wameyapitia haya. Huko Oakland, Marekani, mwaka 1991 shirika la umma la treni lilitaka kujenga jengo la kuegesha magari mbele ya stesheni ya Fruitvale. Wakazi walikataa, kwa sababu jengo lile lingetenganisha stesheni na maduka ya mtaa wao. Mazungumzo yalichukua miaka mingi, na mwaka 2004 pakafunguliwa nyumba, maduka, kliniki na maktaba, na maegesho yakapata mahali pake pembeni. Tazameni muda uliopita kati ya miaka hiyo miwili. Anayetaka ardhi ya stesheni itumike vizuri aanze mapema.

Kama fedha za kujenga hazijapatikana, egesheni magari kwa sasa, lakini pangeni uwanja kama ploti za kesho. Mabomba ya maji, majitaka na nyaya zipite chini ya njia za magari, zisikatize katikati ya nafasi, ili kipande kimoja kiweze kujengwa bila kufukua kingine. Na mkijenga ghorofa za kuegeshea, sakafu ziwe bapa na njia za magari za kupanda na kushuka ziwekwe pembeni. Ghorofa ya chini iwe na kimo cha mita 4. Jengo ambalo sakafu zake zote ni mteremko ni vigumu sana kuligeuza ofisi au nyumba, mara nyingi hubomolewa tu.

Ugumu ulio mkubwa kuliko udongo mweusi ni ua. Ndani ya ua ardhi ni ya Shirika la Reli. Nje, barabara inaweza kuwa ya kaunti au ya mamlaka ya barabara za kitaifa, na steji ya matatu ni kazi ya kaunti. Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu, na abiria hajui amevuka mpaka saa ngapi. Mamlaka ya Usafiri wa Eneo la Jiji la Nairobi, NaMATA, iliundwa 2017 ili kaunti tano zikae meza moja kwa mambo ya namna hii. Kila upande ukichora ramani yake na kuishia kwenye ua, matokeo ni stesheni nzuri yenye geti moja linalotazama upande wasikotoka watu. Watu hawatazunguka mita 700. Watatoboa ua na kuvuka reli. Tundu lililo kwenye ua ni ramani ambayo wananchi wameshachora kwa miguu yao. Hapo ndipo pajengwe kivuko chenye taa, na hapo ndipo akina mama mboga wapewe vibanda, huku njia ya mita 3 ikiachwa wazi katikati. Wakifukuzwa watarudi, kwa sababu wateja wako pale.

Katiba, Kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi. Basi mkiitwa kutoa maoni, msiende na malalamiko matupu. Nendeni na hesabu. Chagueni Jumanne au Jumatano isiyo sikukuu, wala isiyo ya kufunga shule. Watu wanne wasimame kwenye kila njia inayoingia stesheni kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili, kila mmoja na karatasi ya kundi lake moja: miguu, boda boda, matatu, au gari. Wapige mstari kwa kila abiria, wabadilishe karatasi kila robo saa, na waandike treni ilipofika na ilipoondoka. Gari lenye watu watatu ni mistari mitatu.

Na kwenye ramani yoyote mtakayoonyeshwa, tafuteni ukanda ulio kati ya jukwaa na jengo la kwanza. Ulizeni kama njia ya pili ya reli inaweza kupita hapo, na kama jukwaa linaweza kurefushwa kwa mabehewa mawili zaidi. Kama pamechorwa nguzo ya zege, ombeni isogezwe sasa, ingali penseli.