Usidanganyike na Ulaini wa Kompaundi

Mafundi wenzangu, na nyinyi mnaopiga polishi magari yenu wenyewe siku za mapumziko, karibuni.

Natia tone la kompaundi, ile krimu ya kung'arishia rangi ya gari, kwenye glavu hii na kulisugua kwa vidole viwili. Mwanzo linateleza kama losheni. Nikiendelea, nasikia chenga, kama chumvi iliyosagwa. Chenga hizo, mara nyingi za aluminiamu oksaidi, ndizo zinazokwangua rangi. Utelezi nao, katika kompaundi nyingi, unatokana na viyeyusho vya petroli, ndugu wa mafuta ya taa. Tina, ile ya kuzimulia rangi, tunaiogopa kwa sababu inanuka. Hii tunaipaka kwa mikono mitupu, halafu jioni tunashangaa ngozi imekauka na kupasuka. Viyeyusho huondoa mafuta ya ngozi, na dawa zinazotiwa ili kompaundi isioze huwaletea wengine mzio. Vaeni glavu za nitraili zinazobana vizuri. Na tafadhali, msinawe kwa tina. Sabuni na maji vinatosha.

Kompaundi ikiwa mbichi, haina vumbi. Ikikauka inakuwa unga mweupe, na hapo ndipo wengi wetu tunachukua upepo wa kompresa tuupulize. Unga wote unarudi usoni! Futeni kwa kitambaa chenye unyevu. Barakoa ya vumbi inazuia unga, lakini haizuii mvuke. Kwa mvuke mnahitaji milango wazi, au barakoa yenye kichujio cha mkaa.

Jicho nalijua kwa kuonja. Niliwasha mashine kabla sponji haijagusa bodi, na kompaundi iliruka hadi kwenye kope. Miwani yangu ya kusomea ilikuwa usoni, lakini ubavuni ina uwazi. Nilisimama bombani nikiacha maji yatiririke dakika kumi na tano, jicho wazi, bila kusugua. Ukisugua, chenga zinakwangua jicho kama zinavyokwangua rangi. Maumivu yakibaki, nenda kwa daktari. Siku hizi natandaza kompaundi kwanza, naweka sponji kwenye bodi, ndipo nabonyeza swichi, tena kwa mwendo wa chini.

Mashine ya mzunguko hufika hata mizunguko 3,000 kwa dakika. Kamba ya aproni, mkufu au nywele ndefu ikishikwa, hutapata nafasi ya kufikiri. Waya upitishe begani. Na kingo za mlango au nembo ya gari zinaweza kuinasa sponji na kuirusha mashine kutoka mkononi.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kompaundi kuhamishiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui. Akimeza, msimtapishe: viyeyusho vyepesi vikiingia mapafuni vinaweza kuua. Mpelekeni hospitali na kopo lenyewe, ili daktari asome lebo.

Swali la mwisho, yule pale nyuma. Anauliza vitambaa vilivyotumika vinawekwa wapi. Si kwenye rundo pembeni, ndugu yangu. Vyenye viyeyusho hushika moto kwa cheche ndogo, na vyenye mafuta ya kitani vikifinyangwa vinaweza kujipasha joto mpaka vikawaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko.