Miaka Miwili ya Hanania

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni, tukae.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya mateso, na humu ndani wamo wanaoyajua kuliko mimi. Kwa hiyo sitajaribu kukueleza kwa nini unaumwa, wala kwa nini ulimzika uliyemzika. Ayubu aliuliza swali hilo sura baada ya sura, na Mungu aliponena alimjibu kwa maswali: juu ya bahari, juu ya theluji, juu ya mbuzi wa majabalini wanavyozaa. Sababu hakupewa.

Leo nataka tumtazame mtu ambaye mimbarani hatumtaji sana. Anaitwa Hanania, yumo katika Yeremia 28. Mfalme wa Babeli ameshabeba vyombo vya hekalu, ameshamchukua mfalme Yekonia na watu wengi. Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni, anawaambia watu wainame chini ya Babeli, maana jambo hili si la kesho wala kesho kutwa. Hanania anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anasema: miaka miwili. Miwili tu! Vyombo vitarudi, mfalme atarudi, wote watarudi. Kisha anaivua ile nira shingoni mwa Yeremia, anaivunja. Kaa kidogo na mlio ule wa mti ukikatika. Ningekuwepo, nami ningepiga vigelegele.

Tena Yeremia mwenyewe, kabla nira haijavunjwa, alikuwa ameitikia. Someni mstari wa 6: Amina, Bwana na afanye hivyo. Mstari huo umenifariji miaka mingi. Nabii wa kweli naye alitamani iwe miwili. Anayekwambia safari ni ndefu huenda hajapungukiwa imani hata kidogo. Huenda anaililia njia fupi kuliko wewe.

Haikuwa miwili. Hanania alikufa mwaka uleule, na Yerusalemu wenyewe ukaja kuteketezwa, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Sura inayofuata ina barua ya Yeremia kwa waliohamishwa, na humo ndimo tulimotoa ule mstari wa kwenye kadi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Huo ni wa 11. Wa 10 tunauruka, kwa sababu unasema miaka 70. Pigeni hesabu. Mtu wa miaka 40 aliyekuwa amekaa Babeli akisomewa barua ile alielewa kwamba nyumbani hatapaona tena. Basi yeye aliambiwa afanye nini? Ajenge nyumba, akae. Apande bustani, ale matunda yake. Aoe, aoze. Auombee amani mji uleule uliomteka. Hanania aliwapa watu tarehe. Yeremia akawapa kazi ya kufanya asubuhi.

Nasema haya kwa sababu nyumbani kwetu Hanania alifika. Figo za mama yangu ziliposhindwa, alikuja mtumishi mmoja, jina halina kazi hapa, akamwekea mikono, akatamka: miezi mitatu, mashine ya kusafisha damu utaiaga. Mimi nikaizungushia tarehe wino mwekundu kwenye kalenda. Ikaangukia Jumanne. Jumanne ilikuwa siku ya mashine. Tukaenda. Njia nzima sikufungua kinywa. Nilimkasirikia yule mtumishi, nikamkasirikia Mungu, na kalenda pia. Mama alikuwa anapekua mkoba, anatafuta miwani.

Kwa asiyejua, kusafisha damu ni kama kwa muda wa saa 4, mara tatu kwa juma, sindano mbili mkononi na huinuki. Mama alikuwa akisema damu kwenye mirija unaizoea. Linalomtisha mgeni ni pale presha inaposhuka ghafla, chumba kikazunguka, na msuli wa mguu ukakaza kama kamba. Mama yalishamkuta. Akaanza kuwaomba wauguzi wampe kiti cha karibu na mgeni. Akiingia tu: "Leo mgeni nani?" Hakumhubiria mtu pale, naye kuhubiri alikupenda, msimwone hivi. Alisema: "Mwanangu, mguu ukianza kuvuta, sema mapema. Usijikaze."

Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuwafariji walio katika dhiki. Nilikuwa nikiusoma mstari huo kama shukrani za kanisani. Pale kwenye viti niliuona ukifanya kazi.

Msinisikie vibaya. Siamini kwamba Mungu alimharibia mama figo ili mgeni apate jirani mwema. Bwana Yesu mwenyewe aliomba mara tatu bustanini kikombe kile kimwondokee, na hakuna aliyemwambia imani yake ni ndogo. Alikinywa. Siku ya tatu alifufuka, na alipowatokea wanafunzi mikono ilikuwa bado na alama za misumari. Mimi ningedhani utukufu ungezifuta. Hazikufutwa, ndizo alizomwonyesha Tomaso.

Mama aliishi na mashine miaka sita. Wiki moja baada ya mazishi nilirudi kuchukua blanketi lake lililobaki. Kwenye kiti chake alikuwa kijana mmoja, macho yamemtoka, mkono wenye sindano ameuweka kama si wake. Kando yake alikaa mama mmoja niliyemkumbuka, maana siku yake ya kwanza alilia mpaka mashine ikasimamishwa. Hakuniona. Alikuwa amemwinamia yule kijana, anamwambia mguu ukianza kuvuta, aseme mapema.