Biashara Huria: Nani Anavuna, Nani Analipa?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Fasili za biashara huria, yaani nchi kuuziana bidhaa bila vizuizi vya ushuru, mnazo vitabuni, kwa hiyo mimi nitaanza na hesabu ya mwaka 1817.

Mwaka huo David Ricardo, aliyekuwa ametajirika katika soko la hisa la London kabla ya kugeukia uchumi, alichukua nchi mbili na bidhaa mbili. Ureno, alisema, inahitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo, na watu 90 kutengeneza kiasi fulani cha nguo. Uingereza inahitaji watu 120 kwa mvinyo uleule, na 100 kwa nguo zilezile. Ureno inamshinda mwenzake kotekote, sasa inunue nini kwake? Hapo ndipo penye utamu. Kila nchi ikijitengenezea vyote viwili, jumla ni watu 390. Ureno ikishika mvinyo tu wa nchi zote mbili (watu 160) na Uingereza nguo tu za nchi zote mbili (watu 200), mzigo uleule unapatikana kwa watu 360. Wakibadilishana kimoja kwa kimoja, Ureno imeokoa kazi ya watu 10 na Uingereza 20. Aliye dhaifu katika kila kitu bado ana la kuuza.

Hesabu hii naikubali bila kinyongo. Wanaodai kwamba katika biashara ya mataifa mmoja akipata lazima mwingine akose, hadi leo hawajaijibu. Tena kuna hatari ya kulipiziana: mwaka 1930 Marekani ilipandisha ushuru wa forodha kwa sheria ya Smoot-Hawley, wengine wakajibu mapigo, na biashara ya dunia iliyokuwa tayari inaporomoka ikaumia zaidi. Machungu hayo yalichangia kuzaliwa kwa GATT, mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara, mwaka 1947.

Lakini wapinzani wa biashara huria wana hoja yao ya kwanza: hebu tuwarudie wale watu 90 waliokuwa wakifuma nguo Ureno. Ricardo anawahamishia kwenye mizabibu kwa mstari mmoja wa kalamu. Mfumaji halisi ana umri wa miaka hamsini, ana mkopo wa nyumba, na anaishi katika mji unaotegemea kiwanda kimoja. Kikifungwa, hata nyumba ya kuuza ili ahame haipati mnunuzi. Mwaka 2013 wanauchumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walichapisha utafiti kuhusu Marekani: maeneo ambayo viwanda vyake vilishindana na bidhaa za China yalipoteza ajira na mishahara ikashuka, na watu hawakuhama kwa wingi kama ilivyotarajiwa. Nchi kwa jumla inaweza kupata huku wilaya nzima ikizama.

Hoja ya pili ya wapinzani ni viwanda vichanga, nayo ni ya zamani: Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani, aliipeleka mbele ya bunge la Marekani mwaka 1791. Kiwanda kinachoanza leo hakiwezi kupambana na chenye uzoefu wa miaka mingi, kwa hiyo kilindwe kwanza. Korea Kusini ilifanya hivyo, ila kwa masharti: aliyepewa mkopo nafuu alitakiwa kuuza nje. Sharti hilo ndilo wengi husahau wanapoitaja Korea. Kinga isiyo na tarehe ya mwisho hugeuka urithi. Tazameni sukari ya Marekani: kwa miongo mingi raia wameinunua kwa bei iliyo juu ya ile ya soko la dunia. Kila mlaji hupoteza kidogo asichokiona, wazalishaji wachache hupata kingi, na hao ndio wasiokosa kubisha hodi kwa wabunge.

Wenzangu wa soko huria husema faida ni kubwa kiasi cha kuwafidia walioumia na bado ikabaki ziada. Kwenye karatasi ni kweli. Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1962, wa mafunzo na posho kwa waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Mwaka 2022 muda wake ulikwisha bila kuhuishwa, na maombi mapya yakasimamishwa. Kwa hiyo mkataba wa kufungua soko ukiletwa mbele yangu, jedwali la ushuru halinishughulishi sana mwanzoni. Naanza kwa kutafuta fungu la fidia: lina kiasi gani, linatoka mfuko upi, na litaanza kulipa kabla kiwanda hakijafungwa au baada ya hapo.